Ushahidi katika fasihi: Nani alisema, akimwambia nani, na kwa nini?

Katika karatasi ya tatu ya mtihani wa Kiswahili wa KCSE, ile ya fasihi, huwa kuna swali ambalo watahiniwa wengi hulipokea kwa furaha kwa kuwa wanaliona kama zawadi. Mtahiniwa anapewa dondoo kutoka kwa tamthilia au riwaya aliyoisoma, kisha anaambiwa: eleza muktadha wa dondoo hili. Alama nne. Aliyefundishwa vizuri hajisumbui. Anaandika msemaji ni nani, msemewa ni nani, walikuwa wapi, na ni jambo gani lililosababisha maneno hayo kusemwa. Anavuna alama zake nne na kusonga mbele kwenye kipengele cha pili, ambapo anaulizwa mbinu za lugha zilizotumiwa katika dondoo lile lile. Na hapo, ala! Anasahau kila kitu alichokiandika dakika tano zilizopita.

Ataandika: "Tashbihi imetumika. Kinaya kimetumika. Balagha imetumika." Mbele ya kila jina ataweka maneno matatu manne aliyoyachomoa kwenye dondoo. Basi. Msemaji aliyetajwa juu amekwisha kuzikwa. Msemewa hayupo tena. Maneno yanaelea hewani kama yameandikwa na hakuna, yakasomwa na hakuna.

Miaka mingi ya kufundisha fasihi chuo kikuu imenionyesha kwamba wanafunzi wanaofika mwaka wa kwanza hawana upungufu wa majina. Hazina yao ni kubwa. Wanajua sitiari, tashihisi, chuku, taharuki, sadfa, mbinu rejeshi, majazi, tanakali za sauti, na mengine ambayo sisi wa zamani tulikutana nayo tukiwa watu wazima. Wengine wamemsoma Profesa Kyallo Wamitila, ambaye Kamusi yake ya Fasihi ya 2003 iliwapa walimu wengi istilahi walizokuwa wakizitafuta, nao huzitamka kwa ufasaha wa kupendeza. Wapungukiwacho ni kile ambacho mtu angelazimika kuonyesha kama angesimamishwa kizimbani: umejuaje?

Mpenzi msomaji, hoja yangu juma hili ni nyepesi kuitamka ingawa ni nzito kuitenda. Yale maswali manne ya muktadha si utangulizi wa kuchuma alama. Ndiyo yanayogeuza maneno ya kitabu kuwa ushahidi. Mbinu ya fasihi haijathibitishwa mpaka tujue nani anaitumia, kwa nani, wapi, na inafanya kazi gani pale pale ilipo. Na kwa kuwa tamthilia, shairi na hadithi hazizungumzi kwa mdomo mmoja, maswali hayo hayajibiwi kwa namna moja katika tanzu zote tatu.

Tuanze na tamthilia, maana ndiko makosa yanakoonekana kwa urahisi zaidi.

Katika tamthilia mwandishi hana mdomo wake. Ana maelekezo ya jukwaani tu, zile sentensi fupi za mabano zinazosema fulani anaingia, fulani anacheka, taa zinafifia. Mengine yote yametiwa vinywani mwa wahusika. Kwa hiyo mwanafunzi anapoandika "mwandishi anasema kwamba wanawake ni dhaifu" huku akinukuu maneno ya mhusika katili, amemshtaki mtu asiyehusika. Mwandishi hakusema. Alimfanya mtu fulani aseme, mbele ya watu fulani, na pengine alitaka tumchukie msemaji huyo kwa sababu ya maneno hayo hayo.

Chukua tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, ambayo vijana wetu waliitahiniwa kwa miaka kadhaa kabla ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Majoka, mtawala wa Sagamoyo, ni fundi wa kuzungumza. Ukiyakusanya maneno yake peke yake utadhani umempata baba wa taifa. Lakini huyu ndiye aliyefunga soko ambalo watu wake walitegemea kupata riziki. Anayenukuu maneno ya Majoka kuthibitisha hali ya Sagamoyo amemwita shahidi mwenye kesi. Anayeyanukuu kuthibitisha hali ya Majoka mwenyewe, jinsi anavyojiona na jinsi anavyotaka kuonekana, huyo yuko sawa. Maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni kile yanachoshuhudia.

Na si maneno peke yake. Katika tamthilia hiyo hiyo, Kenga, mshauri wa Majoka, anawafikia wachongaji kazini mwao, na kipande cha keki ya sherehe za uhuru kinawafikia pia. Boza anakula. Sudi anakataa. Nimesoma insha nyingi zilizosema kwamba keki hiyo ni ishara ya matunda ya uhuru yanayoliwa na wachache, na kwamba wananchi wanaachiwa makombo. Sawa kabisa. Lakini ni insha chache mno zilizoona kwamba ushahidi wenyewe unatafunwa mbele ya macho yetu. Ukiwa ukumbini humsikii Sudi tu. Unamwona mwenzake akitafuna, na unatambua kwamba hawa wawili wanaochonga mahali pamoja wameshagawanywa na kipande kidogo cha keki bila risasi wala rungu. Anayenukuu maneno ya Sudi na kuliacha tendo la Boza ametuletea nusu ya picha. Tendo, kimya, mtu kugeuka na kutoa mgongo, mtu kuingia bila kuitwa: katika tamthilia hayo yote ni ushahidi, na mara nyingi ni mzito kuliko msemo.

Kuna jambo jingine dogo hapa ambalo walimu hawalisemi vya kutosha. Uzungumzi nafsia, yaani mhusika anapojisemea peke yake jukwaani, hauna uzito sawa na yale anayoyasema mbele ya wengine. Akiwa peke yake hana wa kumdanganya, isipokuwa nafsi yake. Kwa hiyo unapotaka kuthibitisha kwamba mhusika ana hofu ingawa anajigamba, mtafute alipoachwa peke yake. Kule barazani anapojigamba utapata majigambo tu.

Mtu anaweza kuuliza: kwani haya yana umuhimu gani nje ya chumba cha mtihani? Nitamjibu kwa mfano ambao Wakenya wa rika langu hatuhitaji kukumbushwa. Mwaka wa 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Kibali cha maonyesho kikaondolewa. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Hakufikishwa mahakamani. Angalia maana yake kwa mtu wa fasihi: hakuna aliyelazimika kusimama na kuonyesha ni mstari upi, uliosemwa na mhusika yupi, kwa nani, uliokuwa na kosa gani. Tamthilia nzima, yenye wahusika wanaopingana, ilichukuliwa kuwa sauti moja ya mtu mmoja. Huko ndiko mazoea ya kusoma bila kudai ushahidi yanakoweza kumfikisha mtu. Na hata leo, wazazi au viongozi wanapokilalamikia kitabu cha kiada, mara nyingi wanashikilia kauli ya mhusika mmoja iliyopigwa picha kwa simu na kusambazwa bila ukurasa unaotangulia wala unaofuata.

Haya, tuingie kwenye ushairi, ambako mambo hugeuka.

Katika shairi hakuna Majoka wala Sudi, ila kuna sauti. Watahini wetu huiita nafsineni, na ninalipenda neno hilo kwa sababu linatuzuia kusema "mshairi anasema" kila mahali. Nafsineni inaweza kuwa mshairi mwenyewe, mjane, mtoto, au hata mti. Tofauti kubwa na tamthilia ni kwamba katika shairi umbo lenyewe ni shahidi. Mizani, vina, neno lililofupishwa, neno lililotolewa mahali pake pa kawaida: vyote vinaweza kutoa ushahidi. Nimesema vinaweza. Si lazima.

Ili nisimsingizie mshairi yeyote, nimetunga ubeti huu mwenyewe kwa ajili ya darasa letu la leo. Msomaji atanisamehe, mimi si malenga:

Kisima cha kijijini, tulichota sisi sote,
Si tajiri, si maskini, hakuzuiwa yeyote,
Kufuli i mlangoni, funguo hatuzipate,
Mwenyewe yuko mjini, ajiliaye mkate.

Mwanafunzi wetu wa majina ataanza kazi mara moja. Tarbia, kwa sababu una mishororo minne. Mizani kumi na sita kwa kila mshororo. Vina vya kati ni "ni", vya mwisho ni "te". Takriri ya "si" katika mshororo wa pili. Tabdila katika "hatuzipate" badala ya "hatuzipati". Inkisari katika "i" badala ya "iko". Yote ni kweli, na ameshapata alama zake. Lakini bado hajasema lolote kuhusu shairi.

Hebu tulisome tena polepole. Mishororo miwili ya kwanza iko katika wakati uliopita: tulichota, hakuzuiwa. Wa tatu unaruka ghafla hadi sasa. Ruka hilo halikutangazwa. Hakuna "lakini", hakuna "siku moja", hakuna "akaja mtu". Kufuli i mlangoni, basi. Nani aliiweka? Ubeti hausemi. Hakuna kitenzi cha kufunga wala mtu aliyefunga. Kufuli iko tu, kama ambavyo wananchi huamka na kukuta ua umezungushwa kwenye uwanja waliokuwa wakichezea watoto wao. Kisha unakuja mshororo wa nne na neno lake la kwanza: "Mwenyewe". Kumbe kisima kina mwenyewe! Mshororo wa kwanza ulisema tulichota sisi sote. Kati ya "sote" na "mwenyewe" ndipo wizi ulipotokea, na ubeti haukutumia neno wizi hata mara moja.

Hiyo ndiyo mbinu ya ubeti huu, na sijui kama ina jina la kukariri. Unaweza kuiita ukimya, au pengo la makusudi. Muhimu ni kwamba unaweza kuweka kidole juu ya neno na kumwonyesha mwenzako: tazama kitenzi hiki, tazama wakati wake, tazama mtendaji asiyekuwepo. Huo ni ushahidi ambao mtu mwingine anaweza kuukagua.

Je, tabdila ile ya "hatuzipate" ina maana gani ya ndani? Haina. Nilitaka kina cha "te", ndiyo maana nikabadilisha. Nimekutana na wahakiki wanaotafuta falsafa katika kila irabu iliyobadilishwa, na huwa nawaonea huruma. Mbinu nyingine ni za kazi tu, mfano wa misumari ndani ya kiti. Mhakiki mzuri huitambua, akasema imetosheleza kina au mizani, akapita. Lakini inkisari ya "i" ni jambo tofauti kidogo. Ukiandika "iko" mizani inazidi, ndiyo sababu ya kwanza. Pamoja na hiyo, ufupi wake unaifanya kufuli igonge sikio bila maandalizi. Mtu akiniambia hivyo akanionyesha, nitamkubalia. Akisema bila kuonyesha, sitamkubalia.

Kwa sababu umbo ni shahidi, mshororo haunukuliwi kwa kusahihishwa. Mhariri mwenye bidii akibadilisha "maskini" yangu kuwa "masikini", neno ni sahihi katika kamusi, lakini ukwapi umepata mizani tisa na shairi limechechemea. Tatizo hili huwakumba sana washairi wa pwani. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa ajili ya kijitabu cha siasa, aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa gerezani. Diwani hiyo ikachapishwa mwaka wa 1973, na mwaka uliofuata ikashinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Ameandika kwa Kimvita. Mwanafunzi wa bara anaponukuu beti zake huku akizinyoosha ziwe Kiswahili sanifu, anaharibu mizani, na zaidi ya hapo anaondoa sauti ya mtu wa Mombasa anayesema katika lugha ya nyumbani kwao akiwa amefungiwa mbali na nyumbani.

Na kwa kuwa nimemtaja Abdilatif, kuna swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka: je, maisha ya mshairi ni ushahidi? Katika diwani hiyo kuna shairi liitwalo "Mamba". Anayejua kwamba lilitoka gerezani atasema papo hapo kwamba mamba ni serikali ya wakati ule. Pengine amepatia. Lakini shairi lenyewe linazungumza kuhusu mamba. Halitaji jina la rais wala la chama. Habari za jela zinatupa haki ya kuuliza swali, na jibu lazima litoke ndani ya beti: mamba anaelezwa kwa sifa zipi, anafanya nini, nafsineni ina msimamo gani mbele yake, inajificha au inajitokeza. Mwanafunzi anayeanza na kumaliza kwa jela ameandika wasifu wa mshairi. Insha ya fasihi bado anadaiwa.

Nathari, yaani riwaya na hadithi fupi, ndiyo inayowadanganya wasomaji wengi kwa sababu inafanana na mazungumzo ya kawaida. Hapa kuna mtu wa kati ambaye tamthilia haina: msimulizi. Na swali la "nani alisema" huwa gumu kuliko linavyoonekana.

Anaposimulia mhusika mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, kama afanyavyo Kongowea Mswahili katika Siku Njema ya Ken Walibora, kila kitu tunakipata kupitia macho yake. Tunampenda anayempenda, tunamchukia anayemchukia. Kwa hiyo ushahidi kuhusu wahusika wengine ni wa upande mmoja, na msomaji makini hukumbuka hilo hata pale anapomwamini msimulizi kabisa. Msimulizi maizi, yule anayejua mpaka yaliyo moyoni mwa wahusika, anaonekana kuwa salama zaidi. Lakini naye ana ujanja wake.

Tazama mfano huu niliotunga. "Jua lilimkuta Mwajuma bado amelala. Sufuria za jana zilikuwa zimejaa nzi. Mtoto wa kike mzima! Ataolewa na nani huyu?" Sentensi mbili za kwanza ni za msimulizi. Je, mbili za mwisho? Hakuna alama za mtajo, hakuna "mama yake alisema". Hata hivyo tunasikia sauti ya mtu aliyesimama mlangoni, mikono kiunoni. Ni fikra za mama, au shangazi, zilizopenyezwa ndani ya usimulizi bila kubisha hodi. Mwanafunzi akiandika kwamba mwandishi huyu anaamini kazi ya msichana ni kuosha sufuria ili aolewe, ametumia ushahidi wa mtu mwingine kumhukumu mwandishi. Na pengine hadithi nzima imeandikwa ili sauti hiyo ya mlangoni ianze kutukera taratibu. Alama ya nidaa na swali ndizo zilizomfichua msemaji. Vitu vidogo kama hivyo ndivyo ambavyo miongozo inayouzwa mitaani haivioni, kwa sababu miongozo huandikwa kwa muhtasari, na muhtasari huua sauti. (Sisemi miongozo yote ni mibaya. Ipo iliyoandikwa na walimu mahiri. Nasema haiwezi kusomwa badala ya kitabu.)

Jazanda katika nathari nayo inahitaji maandalizi. Hadithi ya Said Ahmed Mohamed, "Tumbo Lisiloshiba", inajulikana na kila aliyemaliza shule miaka ya karibuni. Jitu la ajabu linaingia mkahawani kwa Mzee Mago, mtaani Madongoporomoka, na kufagia chakula chote kilichopikwa. Mwanafunzi anajua kwamba jitu hilo linawakilisha wanyakuzi wa ardhi. Ukimuuliza amejuaje, atasema mwalimu alisema. Hapo sasa kazi haijaanza. Jibu limo hadithini: kabla jitu halijatia mguu mkahawani, hadithi imeshatueleza wasiwasi wa wanyonge wa mtaa huo kuhusu ardhi yao inayotamaniwa na wenye nguvu. Ulaji wa jitu unaingia katika nafasi iliyoandaliwa. Bila maandalizi hayo lingekuwa jitu la ngano tu, mfano wa zimwi ambalo bibi zetu walitusimulia, nasi tungecheka na kulala. Kwa hiyo ushahidi wa jazanda hii haupatikani pale panapoliwa chakula peke yake. Unapatikana katika kuunganisha mahali pawili pa hadithi, pale panapozungumzwa ardhi na pale panapozungumzwa chakula. Ndiyo maana dondoo moja halitoshi kila mara.

Majazi yana mtego wa aina hiyo hiyo, na nitayapitia haraka. Kumwita mtu Majivuno, kama alivyofanya Shaaban Robert katika Kusadikika, ni kumtangaza mapema. Jina pekee halithibitishi kitu. Thibitisho ni jinsi mtu huyo anavyomshtaki Karama, ambaye kosa lake ni kufundisha elimu ya sheria. Na kuna waandishi wanaompa mhusika jina jema ili matendo yake yalikanushe, na hapo aliyekariri kwamba jina husadifu tabia huanguka na kitabu chake.

Swali la urefu wa nukuu huulizwa sana, hivyo niliseme kabla nafasi haijaisha. Nukuu fupi kadiri inavyowezekana, maadamu haikatwi mahali inapobadili maana. Mara nyingi neno moja linatosha, kama "Mwenyewe" katika ubeti wetu. Pale usipokumbuka maneno halisi, eleza tukio kwa maneno yako, kwa usahihi: nani alifanya nini, mbele ya nani. Tukio lililoelezwa vizuri ni ushahidi halali. Nukuu ya kubuni ni ushahidi wa uwongo hata kama imefanana sana na maneno ya kitabu. Namba ya ukurasa humsaidia msomaji kutafuta, lakini nimeona vijana wakiandika "kinaya, uk. 42" na kuweka nukta, kana kwamba kazi ya kusoma ukurasa huo ni ya mtahini.

Nimalizie na swali la mwalimu mmoja wa shule ya upili kutoka Magharibi. Anauliza: wanafunzi wawili wakitumia ushahidi ule ule kufikia hitimisho tofauti, nimpe nani alama?

Nilikutana na hali hiyo darasani juu ya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka wa 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Kinjeketile huyu, kama mwandishi mwenyewe anavyotahadharisha katika utangulizi, ni kiumbe wa sanaa, hata kama jina ni la mtu aliyeishi. Amewapa watu imani kwamba maji yatawakinga na risasi. Baadaye yeye mwenyewe anaingiwa na shaka, maana katika yale aliyoyatamka alipopandwa kulikuwa na ahadi kwamba wakishinda watakuwa watoto wa Seyyid Said. Yaani watoke kwa bwana huyu waende kwa bwana yule. Anataka watu wasubiri. Hawasubiri. Mwishowe yuko mikononi mwa adui, anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uwongo, naye anakataa.

Mwanafunzi wa kwanza aliandika kwamba Kinjeketile ni mwoga wa kukiri, anayelinda jina lake. Ushahidi wake: shaka aliyoionyesha mapema, mbele ya watu wake wa karibu, inathibitisha kwamba hakuyaamini tena maji, kwa hiyo kukataa kwake ni kusema uwongo kwa mara ya pili. Wa pili aliandika kwamba kukataa kule ni ushujaa. Alitumia shaka hiyo hiyo: ni kwa sababu hayaamini tena maji ndiyo maana kukataa kwake hakuwezi kuwa ukaidi wa imani. Anakataa kwa ajili ya wajukuu, wasije wakafundishwa na Wajerumani kwamba waliopigana walikosea kupigana.

Binafsi naona wa pili yuko karibu zaidi na tamthilia, kwa kuwa sababu hiyo ya wajukuu Kinjeketile anaitoa kwa kinywa chake mwishoni, na anajua itamgharimu. Lakini aliandika kwamba yote hayo Kinjeketile anayasema "kwa wananchi". Wananchi hawakuwapo. Wa kwanza alieleza sawasawa shaka ile ilionyeshwa wapi, mbele ya nani, kabla ya tukio gani na baada ya lipi. Nilimpa wa kwanza alama saba kwa kumi, wa pili sita.